Chipu si fedha: hesabu ya mashindano ya poka ya siku nyingi

Kila mwaka maelfu ya wachezaji hukusanyika Las Vegas, nchini Marekani, kuwania taji kuu la World Series of Poker, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1970 na ambayo kiingilio cha taji hilo kimebaki dola 10,000 tangu mwaka 1972. Mwaka 2023 waliingia watu 10,043, na Daniel Weinman, aliyewashinda wote, akalipwa dola milioni 12.1. Mchezo wenyewe ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau: kila mtu hupewa karata mbili za siri, karata tano huwekwa wazi mezani kwa ajili ya wote, na zamu yako ikifika unaweza kuweka chipu zako zote, yaani vibao vidogo vinavyotumika kuwekea dau. Ukizipoteza umetoka, kwa kuwa hapa hakuna kulipa kiingilio upya.

Mimi hucheza mashindano ya aina hii na kuwafundisha wanaoyaanza, na ninaamini kwamba wengi huanguka kwa sababu huhesabu chipu kama mtu anayehesabu noti mfukoni. Chipu 60,000 unazopewa mwanzoni hazikuambii chochote mpaka uzipime kwa dau kubwa la lazima, yaani kubwa kati ya madau mawili ambayo wachezaji hulazimika kuyaweka kwa zamu kabla ya kuona karata, na ambalo katika ngazi ya kwanza ni 200. Yaani una madau makubwa 300, utajiri unaokuruhusu kusubiri. Ngazi moja huchukua saa mbili, kisha madau ya lazima hupanda, na kadiri siku zinavyopita chipu zilezile huzidi kupungua uwezo hata kama hujapoteza hata moja.

Chukua mchezaji aliyebakiwa na madau makubwa 25. Kwenye meza ya watu tisa, mzunguko mmoja humgharimu dau dogo, dau kubwa, na mchango wa meza anaoulipa mwenye dau kubwa, jumla madau makubwa mawili na nusu. Basi ana mizunguko kumi tu. Mgawa karata hodari hukamilisha migao kama 30 kwa saa, kwa hiyo mizunguko hiyo kumi ni saa tatu hivi, na kabla hazijaisha madau yatakuwa yamekwisha kupanda. Mchezaji huyo hana nafasi ya kungoja jozi ya ree. Anapaswa kuchagua mapema ni wapi atapigania madau ya wengine.

Siku inapofungwa kila mmoja huhesabu chipu zake, huzitia katika mfuko wa plastiki, huandika jina na idadi, hutia sahihi na kuufunga. Mimi huichukulia jioni hiyo kuwa sehemu ya mchezo. Orodha ya viti vya kesho inapotolewa pamoja na idadi ya chipu za kila mtu, hutazama kwanza ni nani atakayeketi kushotoni kwangu, maana huyo ndiye atakayeamua baada yangu katika migao mingi, na akiwa na chipu nyingi sitaweza kupandisha dau ovyo.

Ugumu mkubwa huja karibu na mpaka wa malipo. Takriban asilimia 15 ya walioingia ndio hulipwa. Mwaka 2023 walikuwa 1,507, na malipo ya chini yalikuwa dola 15,000. Wakibaki wachache kuufikia mpaka huo, meza zote hucheza mgao mmoja kwa wakati mmoja na kusubiriana, ili mtu asivute muda huku wengine wakitolewa.

Hapo thamani ya chipu hupinda, na mfano mdogo unatosha kuonyesha. Wamebaki watatu wenye chipu sawa, na zawadi ni dola 5,000, 3,000 na 2,000. Nafasi ya kila mmoja ina thamani ya dola 3,333. Ukiweka chipu zote dhidi ya mmoja wao na kushinda, chipu zako huongezeka maradufu, lakini nafasi yako hupanda hadi dola 4,333 tu. Ukishindwa, unaondoka na 2,000. Unahatarisha 1,333 ili upate 1,000, hivyo unahitaji kushinda angalau mara 57 kati ya 100. Jozi ya nane dhidi ya ree na mfalme hushinda takriban mara 55. Katika mchezo wa fedha taslimu, ambako chipu ni fedha yenyewe, ningefuata dau hilo bila kusita. Hapa ninatupa karata, na ninamsihi kila mwanafunzi wangu afanye vivyo hivyo.

Mpaka ukishavukwa, hesabu hugeuka tena. Zawadi za mamia ya nafasi zinazofuata hutofautiana kidogo sana, na fedha nyingi ziko juu kabisa, kwenye meza ya mwisho ya watu tisa. Kuendelea kujibana ili kupanda nafasi chache ni kulinda kitu kidogo kwa gharama ya kikubwa. Nikiwa na chipu chache, huziweka zote kwa karata ambazo saa moja kabla ningezitupa.