Ukame wa nyika ya Tsavo: mmea hufa kwa kiu au kwa njaa?

Kila ukame ukipita, watu huniuliza mvua ilipungua kwa milimita ngapi. Mimi ni mtaalamu wa ikolojia ya mimea, na kwa nyika kama ya Tsavo, kusini-mashariki mwa Kenya, naona swali hilo halitufikishi mbali. Mimea ya pale imezoea kukosa. Kinachoiumiza ni kukosa mfululizo, msimu baada ya msimu. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya maana katika Pembe ya Afrika, Kenya ikiwemo.

Shida huanzia kwenye jani. Jani lina vitundu vidogo mno, stomata, ambamo hewa ya ukaa, ambayo mmea huitumia kutengeneza chakula, huingia na mvuke wa maji hutoka. Mlango ni huo huo mmoja. Udongo ukikauka, mmea hufunga vitundu ili kuokoa maji, na papo hapo unajinyima chakula. Usipovifunga, maji yaliyomo kwenye mishipa ya shina huvutwa kwa nguvu mno, viputo vya hewa hupenya na mkondo unakatika. Tawi la juu yake hukauka hata kama mizizi ni mizima. Basi mmea mmoja huuawa na kiu, mwingine njaa, na mara nyingi vyote viwili husaidiana.

Mimanemane hukubali njaa. Mvua ikikatika tu hupukutisha majani na kukaa uchi miezi mingi, mgeni akadhani msitu mzima umekufa. Bandua ile ngozi ya gome iliyo nyembamba kama karatasi, kisha kwaruza kidogo kwa ukucha: chini yake utakuta kijani kibichi. Gome hilo nalo hufanya usanisinuru, yaani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, likitumia tena hewa ya ukaa ambayo mti wenyewe unaitoa unapopumua. Haulishibishi shina, lakini unapunguza hasara.

Mkonge mwitu una mbinu nyingine, hufungua vitundu usiku wakati jua halipo la kuunyang'anya maji. Tembo wanalijua hilo kwa namna yao: ukame ukikaza huutafuna, wakanyonya maji na kutema nyuzi. Wakimaliza huko huhamia kwenye mibuyu. Na mbuyu, kinyume cha tunavyosimuliwa, hautumii sana akiba ya maji ya shina lake kuvumilia kiangazi siku hadi siku. Huyatumia zaidi kuchipuza majani mapya kabla mvua haijashuka.

Ila mimi wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye nyasi. Nyasi za kudumu huficha vichipukizi vyake kwenye shina, usawa wa ardhi, na kuweka akiba ya chakula hapo hapo na mizizini. Msimu mmoja wa ukame si kitu. Misimu kadhaa, huku ng'ombe na pundamilia wakirudia kung'ata kila jani linalojitokeza, akiba inakwisha. Shika kishungi cha nyasi, fukua kidogo, upasue msingi wake: ukiwa mweupe na wenye unyevu, kipo hai, ukiwa wa kijivu na ukivunjikavunjika mkononi, usikisubiri.

Ndiyo maana sikushangilia sana picha za nyika iliyogeuka kijani mvua ziliporudi 2023. Sehemu ya kijani hicho huwa ni nyasi na magugu ya msimu, ambayo mbegu zake zilikuwa zimelala udongoni. Huota upesi, huzaa upesi, hufa upesi, na ardhi inabaki wazi tena. Matone ya mvua yakipiga udongo mtupu huufanya uwe na gamba gumu, maji yanatiririka badala ya kuzama, na mvua ya kutosha ikainufaisha mimea kwa kiasi kidogo tu. Miti nayo ina deni lake: iliyodhoofika huweza kushambuliwa na wadudu wanaotoboa mbao na kufa mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati hakuna tena anayezungumzia ukame.