Kabla ya kumwombea mgonjwa, muulize aombewe nini

Ninapowaandaa wazee wa kanisa na wanajumuiya kwa huduma ya kutembelea wagonjwa na wafiwa, naanzia Marko 10:51. Bartimayo ni kipofu, umati mzima unaiona shida yake, na bado Yesu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Swali hilo ndilo tunaloliruka. Tunaingia wodini, tunafumba macho, tunauombea mguu uliovunjika, kumbe mama wa watu hajalala usiku kucha akiwaza nani anawapikia watoto. Muulize: "Leo tumwambie Mungu nini?" Utasikia usingizi, ada ya shule, ugomvi na ndugu, hofu ya upasuaji wa kesho. Ombea hilo hilo, kwa maneno yake kadiri uwezavyo. Akisema hataki kuombewa, kubali, kaa naye kidogo, umwombee ukifika nyumbani.

Nendeni wawili. Dakika kumi zinatosha, na sala isizidi dakika mbili, kwa sauti ya mazungumzo, maana kitanda cha jirani kuna mwenye maumivu yake, pengine wa dini nyingine. Naweni mikono kabla na baada. Msikae kitandani, na ombeni ruhusa kabla ya kumwekea mkono. Sala ndefu hugeuka mahubiri, naye mgonjwa hana pa kukimbilia.

Kuhusu kumpaka mgonjwa mafuta, Yakobo 5:14 inasema mgonjwa ndiye anayewaita wazee waje kumwombea na kumpaka. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre, hivyo kazi ya mlei, yaani muumini asiye padre, ni kumwita padre mapema. Familia nyingi husubiri hadi pumzi za mwisho, ilhali sakramenti hiyo si ya wanaokata roho peke yao.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni kumwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani. Anayetegemea insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Wa kifafa anaweza kupata degedege mfululizo. Wa ARV, dawa za VVU, huvipa virusi nafasi ya kuongezeka na kuwa sugu. Na asiyepona anabebeshwa mzigo wa pili, aibu ya kuonekana hana imani. Mtume Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na mwenzake Trofimo alimwacha katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hakumlaumu.

Msibani, marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipoanza kueleza sababu. "Mungu amempenda zaidi" tunaisema kwa nia njema, lakini mama aliyezika mtoto husikia kwamba Mungu amemnyang'anya. "Pole sana, tuko nawe" inatosha. Akitaka andiko, someni Zaburi 13 polepole: mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Kama hayuko tayari kwa mistari ya mwisho yenye kuimba, ishieni wa nne. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na bado ni sala.

Usipeleke habari zake kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya bila idhini yake. "Ndugu yetu ana uhitaji, tumwombee" haimtaji jina wala ugonjwa. Maombi yakigeuka umbea, safari ijayo atanyamaza hata akizidiwa.

Matanga yakishaanuliwa ndipo nyumba inapokuwa tupu, na ndipo wengi wetu hatuonekani. Kwa hiyo andikeni kwenye daftari la jumuiya, siku ile ile ya maziko, nani atarudi wiki ya tatu, nani mwezi wa tatu, na nani siku ya kutimiza mwaka. Anayekwenda abebe kitu cha matumizi, unga au nauli ya kliniki, na aulize tena swali lile la Bartimayo, kwa sababu jibu la mwezi wa tatu huwa si lile la siku ya maziko.