Mto mwembamba si mto mwepesi

Wengi huku Mbeya wanaamini anayejifunza kupiga kasia aanzie mto mwembamba, kwa kuwa ng'ambo iko karibu. Ni kinyume. Maji yaleyale yakibanwa hukimbia zaidi, na mashua hukosa nafasi ya kukwepa jiwe. Tazama Kiwira pale Kijungu, Rungwe: mto mzima unajipenyeza kwenye miamba. Pale ni pa kupiga picha tu.

Mwanagenzi atafute mto mpana, wenye mteremko mdogo na kingo za kuegesha kirahisi, tena nje ya mvua za Novemba hadi Aprili. Ila upana peke yake hautoshi. Ruaha Mkuu kwenye nyanda za Pawaga unaonekana mpole, lakini una viboko na mamba. Wavuvi wa hapo ndio wanaojua wanyama hao wanakolala.