Mbegu ya Uchagani

Ukiingia jikoni katika nyumba nyingi za Jilore au Magarini, karibu na Malindi, pwani ya Kenya, inua macho. Juu ya mafiga, kwenye uchaga uliokolea masizi, mahindi yananing'inia mawili mawili, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe. Mgeni huona chakula. Lakini watoto wanaweza kulala njaa na mahindi yale yasiguswe, kwa kuwa ni mbegu ya mwakani.

Moshi ule una kazi: hukausha punje na kufukuza wadudu. Na mahindi yenyewe hujilinda. Aina zetu za kienyeji, kama mdzihana na mengawa, zina punje ngumu, na maganda yake hufunika hindi mpaka nchani, fukusi asipate pa kuingilia. Mbegu ya haibridi huzaa zaidi mvua ikiwa nzuri na mbolea ipo, hilo sibishi. Kazi yangu ni mbegu na nimeshaona shamba la PH4, haibridi ya hapa pwani, likinawiri. Ila haibridi hununuliwa kila msimu. Ukipanda ulichovuna, nguvu yake hushuka.

Mambo haya huitwa ya kitaalamu. Mimi nayaita siasa, na Malindi ni siasa kongwe. Mji ulipofufuliwa mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, sifa yake ilikuwa nafaka: mtama ulipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na aliyelima alikuwa mtumwa. Baadaye Wagiriama wakavuka Sabaki, wakalima mahindi kaskazini ya mto na kuuza ziada. Serikali ya kikoloni ilitaka vibarua wa mashamba makubwa, na mwenye ghala lililojaa haendi kuwa kibarua. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama, alipowaapisha watu mwaka 1913, na mwaka uliofuata Wagiriama walipoamriwa kuondoka kaskazini ya mto, ugomvi ulikuwa wa ardhi, kodi na kazi. Lakini ghala lile nalo lilikuwa ndani yake.

Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa imeshawaacha Wamijikenda wengi wa mwambao, Wagiriama wakiwemo, bila hati, na wajukuu wao wanaitwa maskwota mpaka leo. Skwota huogopa kupanda mkorosho, asije akafukuzwa ukianza kuzaa. Mbegu ya msimu ndiyo mali anayoweza kuhama nayo kichwani.

Sasa sheria ya mbegu, Sura ya 326. Ilikataza kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa, na adhabu yake ilifika faini ya shilingi milioni 1, kifungo cha miaka 2, au vyote viwili. Nilipoieleza kwenye baraza moja, mama mmoja aliuliza kama polisi atapanda uchagani kuhesabu mahindi. Watu walicheka, nami nikakosa jibu. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 waliipeleka sheria hiyo mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu vya kuwaadhibu kwa kugawana mbegu vinakiuka katiba. Katiba yenyewe, kifungu cha 11, inalitaka bunge litambue na kulinda mbegu za asili za jamii.

Hukumu hiyo haimruhusu mtu kufunga punje za sokoni kwenye pakiti ya bandia. Tena, wanaotaka mbegu zikaguliwe wana hoja. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na ukimpa jirani shina lenye batobato au michirizi ya kahawia, umempa ugonjwa bila kujua. Kagua majani kabla ya kukata, na mmea wenye madoa usigawe hata kwa ndugu.

Kwa mahindi, chagua mbegu yangali shambani, usingoje lundo la uani. Unga wa maua huja na upepo, kwa hiyo acha mistari ya pembeni inayopokea wa jirani na uchukue ya katikati. Chukua kwenye mimea mingi, hamsini kwenda juu, maana ukitegemea mahindi matano makubwa, uzao utadhoofika. Kunde hazina shida hiyo, kwani hujichavusha zenyewe.

Halafu ukavu. Punje mbichi huota ukungu hata juu ya moshi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kiasi. Chumvi ya Gongoni, kwa joto hili la pwani, huwa na unyevu, kwa hiyo ikaange kidogo kwanza na iache ipoe. Tia punje, ziba, tikisa dakika chache, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiponata, yako tayari kuhifadhiwa. Wiki chache kabla ya masika, fukia punje mia kwenye mchanga wenye unyevu. Zikiota 85 au zaidi, panda kama kawaida. Zikipungua sana, ongeza idadi kwa kila shimo au tafuta nyingine mapema.

Lililobaki ni la hela. Mwaka 2014 nchi ilizindua mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, huko juu ya mto, kwa ndoto ya ekari milioni 1. Uchaga haujawahi kuzinduliwa na mtu. Lakini tangu katiba ya 2010 kilimo kiko mikononi mwa kaunti, na makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kikao cha maoni kikiitwa katika wadi yako, usiombe "maendeleo". Omba kitu chenye bei: mapipa yasiyopitisha hewa, ghala la mbegu la kijiji, siku ya maonyesho ya mbegu kabla ya mvua. Na kabla hujatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, mwambie karani akusomee alichoandika.