Mtoto Mmoja, Kliniki Tano: Nani Anaziunganisha?

Mama aliumwaga mfuko mzima juu ya meza yangu. Kadi ya kliniki ya kifafa, kadi ya mazoezi ya viungo, bahasha ya eksirei ya nyonga, majibu ya maabara ambayo wino wake ulikuwa umeshafifia, na chupa tatu za dawa ya maji. Mtoto wake wa miaka 6, mwenye utindio wa ubongo, alikuwa amemlalia begani. “Daktari, siku hizi analala tu,” akasema. “Hata kula hataki.” Nikazipanga zile chupa mstari mmoja na kusoma maandishi madogo ya pembeni. Mbili kati yake zilikuwa dawa ileile ya kifafa, moja kwa jina la kampuni, nyingine kwa jina la kitaalamu. Ya kwanza aliandikiwa kliniki, ya pili aliandikiwa alipolazwa kwa homa ya mapafu. Akawa anapewa zote mbili asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja.

Mama huyu alifuata maagizo kama alivyopewa. Na kila daktari aliandika dawa iliyofaa kwa alichokiona siku ile. Aliyekosekana ni mtu wa kuiona meza yote. Siku hiyohiyo tulizungumza na daktari wake wa kifafa, dozi ikarekebishwa. (Mzazi, usikatishe dawa ya kifafa kwa uamuzi wako hata ukiona kuna kosa. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege kali. Piga simu kwanza, au rudi kliniki.)

Tunaposema mtoto mwenye mahitaji maalumu ya kiafya, wengi huwaza kiti cha magurudumu. Kundi hili ni pana zaidi. Lina mtoto mwenye selimundu, kisukari, pumu sugu, ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, usonji, na baadhi ya waliozaliwa kabla ya wakati. Kinachowaunganisha ni kwamba hali yao ni ya muda mrefu, na inawalazimu kuhudumiwa zaidi ya watoto wengine wa rika lao. Mwaka 1967 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa wazo la kila mtoto wa aina hii kuwa na “makao ya kitabibu”, wakati ule likimaanisha mahali pamoja pa kutunzia kumbukumbu zake zote. Baadaye wazo lilikua: makao hayo si jengo wala kabati la mafaili, ni watu wanaomjua mtoto na familia yake, wanaopatikana, na wanaozungumza wao kwa wao.

Chukua mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Daktari wa upasuaji wa ubongo humwekea shanti, yaani mrija wa kupunguza maji kichwani. Wa mfumo wa mkojo hulinda figo zisiharibiwe na mkojo unaorudi nyuma. Wa mifupa hufuatilia miguu na uti wa mgongo. Yupo wa kumsaidia kupata choo, yupo wa mazoezi. Watoto hawa pia hupata mzio wa mpira wa asili, ule wa glovu na baadhi ya mirija, mara nyingi kuliko watoto wengine. Sasa mfikirie usiku mmoja anafika chumba cha dharura akitapika na kuumwa kichwa. Asiyejua kwamba ana shanti anaweza kumpa dawa ya tumbo na kumrudisha nyumbani, kumbe mrija umeziba na shinikizo linapanda kichwani. Na anayejua habari ya shanti lakini hajui ya mzio anaweza kumwingiza chumba cha upasuaji kwa glovu zitakazomdhuru.

Lipo jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo ni kila dalili kusingiziwa ulemavu. Karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa wa Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, huzaliwa na tatizo la moyo, na wengi hupata upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ndiyo maana hupaswa kupimwa tezi hiyo kila mwaka. Mtoto akianza kuwa mzito, akachoka, akapata choo kigumu, watu husema “ndivyo walivyo”. Sivyo walivyo. Huenda ni tezi, na dawa yake ipo. Vivyo hivyo mtoto asiyeweza kusema akilia usiku kucha: tafuta jino lililooza, nyonga iliyoteguka, choo kilichoganda, asidi inayopanda kooni. Mama akikwambia “kilio hiki si chake”, hiyo ni taarifa ya kitabibu. Iandike kwenye faili.

Nani awe mratibu? Si lazima awe bingwa. Nimeona wauguzi wakiifanya kazi hii vizuri kuliko sisi madaktari, kwa sababu wao hupokea simu. Mratibu hutunza orodha moja ya dawa na kuipitia kila mtoto anapotoka kliniki yoyote. Huhakikisha barua ya rufaa inakwenda na majibu yanarudi, maana rufaa nyingi huishia njiani. Huomba miadi mitatu iwekwe siku moja. Mtoto akihitaji kung’olewa meno na pia kupigwa picha ya ubongo, huuliza kama yote mawili yanaweza kufanyika kwa dawa ya usingizi ya mara moja. Mapafu dhaifu hayapendi kulazwa usingizi mara mbili bila sababu.

Kama kituo chako bado hakina mtu huyo, anza na karatasi moja. Juu yake andika jina, tarehe ya kuzaliwa, na uzito pamoja na siku aliyopimwa. Uzito ni muhimu kwa sababu dozi nyingi za watoto hufuata kilo. Mtoto aliyeanza dawa akiwa na kilo 12 na sasa ana 18 anaweza kurudiwa na degedege, watu wakadhani dawa imeshindwa, kumbe yeye amekua na dozi imebaki palepale. Kisha andika magonjwa yake, mzio, na vifaa vilivyo mwilini. Dawa ziandikwe kwa miligramu, si kwa mililita peke yake. Parasitamo ya maji, kwa mfano, ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye 250 katika mililita hizohizo. Kijiko ni kilekile, dozi ni zaidi ya maradufu.

Chini ya hapo andika jinsi mtoto alivyo anapokuwa mzima. Je, huwa anakutazama? Anakaa mwenyewe? Hupata mishtuko midogo kila wiki? Daktari wa zamu asiyemfahamu hawezi kujua kwamba leo amelegea kama hajui jana alikuwaje. Malizia na hatua za dharura: degedege likianza, mtoto alazwe ubavu na asitiwe kitu chochote kinywani; likizidi dakika 5, msaada wa dharura uitwe mara moja. Nakala moja iende shuleni.

Chanjo zisisahaulike. Kwa kuwa watoto hawa wako hospitali kila mara, kila kliniki hudhani nyingine imeshachanja. Mwenye selimundu ndiye hasa anayehitaji chanjo ya nimokokasi (bakteria wanaoleta homa ya mapafu), pamoja na penisilini ya kinga tangu uchanga hadi angalau miaka 5.

Pamoja na haya yote, muulize mzazi anachokitaka. Niliwahi kukaa kikao kizima tukijadili upasuaji wa miguu. Mwishoni baba akasema kwa upole kwamba shida yao kubwa nyumbani ni usingizi: hawajalala usiku mzima kwa miezi, na mama wa mtoto ameanza kuugua. Miguu ikasubiri. Tukaanza na maumivu ya usiku na jinsi ya kumlaza.

Kuhamia huduma za watu wazima nako kuandaliwe mapema, tangu miaka 12 hadi 14, ingawa kuhama kwenyewe huwa kati ya miaka 18 na 21. Kwa watoto wanaoweza kujieleza, mimi huanza kwa kumgeukia mtoto na kumuuliza yeye kwanza: “Unatumia dawa gani, na za nini?” Wengi humtazama mama. Ninawaomba akina mama wasubiri, na mtoto akisahau, karatasi yake anayo mkononi. Asome mwenyewe.