FC Seoul haikuzaliwa 2004

Wengi waliijua FC Seoul, klabu ya soka ya Korea Kusini, Jesse Lingard, mchezaji wa zamani wa Manchester United, alipotua pale mwaka 2024, na ukiwauliza klabu ilianza lini, watakujibu 2004. Hapana. Mwaka huo ilihama tu na kubadili jina.

Ilianzishwa 1983 kwa jina la Lucky-Goldstar, kampuni mama ambayo leo tunaijua kama LG, ile ya friji na televisheni. Ubingwa wa kwanza iliuchukua 1985. Mwaka 1996 ikahamia Anyang, mji ulio kusini mwa Seoul, ikacheza huko kama Anyang LG Cheetahs na kutwaa ubingwa wa 2000. Kisha 2004 ikarudi Seoul na kuwaacha mashabiki wa Anyang kwenye mataa. Mataji yake sita ya ligi yanahesabiwa tangu 1985.

Kosa la pili ni kudhani FC Anyang ya leo ndiyo ile ya zamani. Hii ni klabu mpya iliyoundwa 2013, na jezi yake ni ya zambarau, rangi ya zabibu zilizoupa mji huo sifa. Ilipanda daraja ikakutana na Seoul ligi kuu Februari 2025. Seoul ilishinda 2-1, na Lingard alifunga. Kwa watu wa Anyang, bila shaka, kidonda kilitoneshwa.