Bendi Ndani ya Bendi

Wanamuziki wawili wa bendi moja wakija kwangu na wazo la kufanya kazi yao pembeni, siulizi nyimbo zikoje. Nauliza kalenda ya bendi mama. Ziara inaisha lini? Mwimbaji anapumzika kwa muda gani? Kampuni ya kurekodi imeahidiwa albamu ijayo mwezi gani? Nimekuwa meneja wa bendi za rock kwa miaka mingi, na nikishapata tarehe mbili, ya kuanza mapumziko na ya kuyamaliza, huwa nimeshajua mradi wao utaishi kwa muda gani.

Mashabiki hawapendi kusikia hivyo, wao wanataka ugomvi. Bendi ya pembeni ikianza, watasema fahali wawili hawakai zizi moja. Ikifa, watasema vilevile. Kwa niliyoyaona mimi, fahali hukaa zizini hata miaka 20 bila kupigana pembe. Kinachowasumbua ni malisho.

Malisho yenyewe ni haya. Albamu ya kawaida ina nyimbo 10 hadi 12. Bendi yenye watunzi watatu haigawi nafasi hizo kwa tatu. Mwimbaji mkuu huchukua 7 au 8, kwa sababu ndiye atakayeziimba na ndiye aliyezoeleka masikioni mwa watu. Wa pili hupata mbili au tatu. Wa tatu akibahatika hupata moja, nayo huwekwa mwisho. Sasa chukua mtu anayetunga nyimbo 15 kwa mwaka, katika bendi inayotoa albamu kila baada ya miaka miwili: nyimbo 29 kati ya 30 hazina pa kwenda. Hilo ni suala la heshima, lakini pia ni suala la pesa, maana katika bendi nyingi mrabaha wa utunzi humfuata aliyetunga, haugawanywi kwa kila aliyepiga chombo. Wimbo ulioachwa nje ya albamu haumlipi mtu.

Kim Deal aliyapitia haya. Alikuwa mpiga besi wa Pixies, bendi ambayo karibu nyimbo zake zote zilitungwa na mwimbaji wake, Black Francis. Mpiga gitaa Tanya Donelly naye alikuwa katika hali hiyohiyo ndani ya bendi ya Throwing Muses, nyuma ya dada yake wa kambo, Kristin Hersh. Watunzi wawili wa pili, kila mmoja na stoo iliyofurika, wakaunda The Breeders na kutoa albamu ya kwanza mwaka 1990. Angalia kilichofuata, maana ndicho kinachonifurahisha katika kisa hiki. Albamu hiyo ilijaa nyimbo za Deal. Donelly, aliyekimbia foleni ya kwao, akajikuta kwenye foleni nyingine. Nyimbo alizokuwa akiziandaa kwa ajili ya albamu ya pili akaondoka nazo na kuanzisha bendi yake, Belly. Pixies ikavunjika mapema mwaka 1993, na miezi michache baadaye The Breeders ikatoa albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni moja Marekani. Ya pembeni ikawa ndiyo nyumba.

Hiyo ni njia moja ya kuzaliwa, yaani nyimbo kukosa nafasi. Ya pili ni muda kukosa kazi. Ziara kubwa ikiisha, mtu aliyezoea kupanda jukwaani usiku nne kwa wiki hurudi nyumbani na baada ya wiki tatu hajui aiweke wapi mikono yake. Kwa kawaida mwimbaji hufurahia ukimya huo, kwa kuwa sauti yake imechoka. Mpiga besi na mpiga dramu hawana sauti ya kupumzisha.

Mwaka 1981, baada ya bendi ya Talking Heads kumaliza ziara, mwimbaji wake David Byrne alikuwa na shughuli zake na mwenzake Jerry Harrison alikuwa na albamu yake. Waliobaki walikuwa Tina Weymouth wa besi na Chris Frantz wa dramu, ambao ni mke na mume. Wakaenda Nassau, Bahamas, kwenye studio za Compass Point, wakarekodi kwa jina la Tom Tom Club, muziki wa kucheza na kucheka, usio na wasiwasi wowote wa Byrne ndani yake. Ukauza vizuri mno. Wimbo wao mmoja wa wakati ule, "Genius of Love", umechukuliwa vipande na wasanii wengi, akiwemo Mariah Carey mwaka 1995.

Ukiitazama filamu ya tamasha la Talking Heads, Stop Making Sense, iliyopigwa Hollywood Desemba 1983, utamwona Byrne akitoka jukwaani katikati ya onyesho. Wanaobaki wanapiga wimbo huohuo wa Tom Tom Club. Byrne anaporudi amevaa ile suti yake kubwa kupita kiasi. Yaani bendi mama iliuita mradi wa pembeni ndani ya onyesho lake, ukampa mwimbaji nafasi ya kubadilisha nguo. Kama meneja navua kofia: sijawahi kuona ratiba ya jukwaa iliyotatua mambo mawili kwa wimbo mmoja namna hiyo.

Tom Tom Club iliendelea hata baada ya Talking Heads kwisha. Nadhani sababu haihitaji falsafa: hao wawili walikuwa na kalenda moja. Watu wanaolala nyumba moja hawahitaji kupanga tarehe ya mazoezi kupitia mawakala watatu.

Kuna sababu ya tatu ya kuzaliwa, ambayo watu huipuuza: hesabu ya watu chumbani. Bendi ya watu watano ina jozi 10 za mahusiano, na kila jozi ina historia yake, deni lake na utani wake uliochuja. Watu watatu wana jozi tatu tu. Wawili wana moja. Ndiyo maana uamuzi unaochukua wiki mbili katika bendi mama huchukua dakika tano pembeni. Thom Yorke na Jonny Greenwood wa Radiohead, bendi ya watu watano, pamoja na mpiga dramu Tom Skinner, walijitokeza kama The Smile mwezi Mei 2021. Kuanzia Mei 2022 hadi Oktoba 2024 walitoa albamu tatu. Radiohead yenyewe haikuwa imetoa albamu mpya tangu 2016. Vichwa vya Yorke na Greenwood ni vilevile. Idadi ya viti ndiyo iliyopungua. Na tazama tena kalenda: Novemba 2025 Radiohead ilirudi jukwaani Ulaya, na wawili hao wakarudi kwenye viti vyao vya zamani.

Kuhusu mikataba nitasema machache, kwa sababu inachosha hata wanaolipwa kuisoma. Mwanachama wa bendi iliyosainiwa kwa kawaida hufungwa yeye binafsi, si bendi peke yake. Akitaka kurekodi kwingine anahitaji kibali cha kampuni, na ndiyo maana kwenye majalada ya zamani unakuta maneno "kwa hisani ya kampuni fulani" chini ya jina la mpiga gitaa. Mara nyingi kampuni hukubali, ikitumaini kwamba msanii akitua mzigo huu pembeni atarudi nyumbani ametulia. Wakati mwingine hata huligeuza biashara: tarehe 18 Septemba 1978 wanachama wote wanne wa bendi ya Kiss walitoa albamu nne za peke yao siku moja.

Nirudi kwenye kifo cha miradi hii, maana ndicho ninachoulizwa zaidi.

Mwaka 1985 Duran Duran ilikuwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa duniani, nayo ikapasuka katikati kama tikiti maji. John Taylor na Andy Taylor, waliotaka magitaa mazito, waliungana na mpiga dramu wa bendi ya Chic, Tony Thompson, na mwimbaji Robert Palmer, wakajiita The Power Station. Simon Le Bon na Nick Rhodes, waliopenda vinanda na ukungu, wakafanya Arcadia pamoja na Roger Taylor. Watu watano, miradi miwili, hakuna aliyebaki kulinda nyumba. The Power Station ilifanikiwa haraka, lakini Palmer hakutaka ziara. Nafasi yake ikachukuliwa na Michael Des Barres. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid mjini Philadelphia, The Power Station ilipanda jukwaani, na Duran Duran ikapanda jukwaa lilelile siku ileile. Watano hao hawakupiga tena pamoja hadi miaka ya 2000. Andy na Roger waliondoka, na albamu ya mwaka uliofuata ilitengenezwa na watatu waliobaki.

Wengi husema miradi ile iliiua Duran Duran ya kwanza. Sikubaliani nao. Ladha zilikuwa zimeshagawanyika; miradi ilizipa majina tu. Ila naona kosa moja la kiufundi ambalo ningepiga kelele kulizuia: kuachia pande zote mbili ziondoke kwa wakati mmoja. Mmoja akienda pembeni, wengine humsubiri, na kule kusubiri kwenyewe ni uzi unaomrudisha. Wote wakiondoka, hakuna anayesubiri.

Halafu kuna vifo vya ghafla. Mwaka 1976 Stephen Stills na Neil Young walikuwa Miami wakirekodi kama wawili, wakawaita wenzao wa zamani, David Crosby na Graham Nash, waje kuimba. Wakaja, wakaimba, kisha wakaondoka kwenda kumaliza albamu yao wenyewe. Stills na Young wakazifuta sauti za wageni wao kwenye kanda. Wawili hao wakaanza ziara. Mwezi Julai Young akaikatisha na kumwarifu Stills kwa telegramu. Albamu ilipotoka Septemba, bendi iliyoirekodi haikuwepo tena.

Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Lindsey Buckingham na Christine McVie. Christine, mwimbaji na mpiga kinanda, alirudi kwenye bendi yao, Fleetwood Mac, mwaka 2014 baada ya miaka mingi ya kukaa kando, akiwa na nyimbo. Yeye na Buckingham wakaingia studio na mpiga dramu wa bendi, Mick Fleetwood, na mpiga besi, John McVie. Hao ni wanne kati ya watano. Aliyekosekana ni mwimbaji Stevie Nicks, na bila yeye jina la Fleetwood Mac halingeweza kuwekwa kwenye jalada. Albamu ikatoka Juni 2017 kwa majina ya wawili tu. Isikilize utaona: ngoma ni zile, besi ni ile, namna Buckingham anavyozungusha gitaa kuizunguka sauti ya Christine ni ileile. Ni albamu ya Fleetwood Mac iliyokosa saini moja. Wakafanya ziara katika kumbi ndogo kuliko walizozoea, na mapema 2018 Buckingham akatolewa kwenye bendi mama. Christine alifariki Novemba 2022.

Kumbi ndogo si jambo dogo. Mtu akitoka bendi mama anaacha nyuma malori, mafundi na mtu wa kumfungia kamba za gitaa. Wiki ya kwanza anasema ni kama ujana umerudi. Wiki ya nne anauliza nani alipanga hoteli hii. Promota naye anataka kuandika jina la bendi mama kwenye bango kwa herufi kubwa, msanii anataka herufi ndogo, na mimi nakaa kwenye simu nikipima herufi.

Wapo wanaojua kuzima taa wenyewe. Mwimbaji Nick Cave na wenzake watatu wa bendi yake, Bad Seeds, yaani Warren Ellis, Martyn Casey na Jim Sclavunos, walianzisha Grinderman, ambapo Cave, mtu wa piano, alishika gitaa ambalo hakulijua vizuri. Hapo ndipo penye siri ya nusu ya miradi hii: fundi aliyezoea kusifiwa anapata ruhusa ya kuwa mwanagenzi tena. Walitoa albamu mbili, 2007 na 2010, na Desemba 2011 Cave akatangaza jukwaani Australia kwamba imekwisha. Bad Seeds ikaendelea, na uchafu mtamu wa Grinderman ukiwa umeshaingia ndani yake.

Niliwahi kusimamia mradi wa namna hii wa mpiga besi na mpiga kinanda, ambao sitawataja. Walirekodi nyimbo 9 kwa siku 11, wakazitoa, wakapiga maonyesho sita. La saba halikufanyika kwa sababu tarehe za ziara ya bendi mama zilisogezwa wiki tatu, zikagongana nalo. Hakuna aliyegombana na mtu. Demo, yaani rekodi za majaribio, za albamu ya pili zilibaki kwenye diski, na kwa muda wakawa wanasema "mwakani". Mwakani ikaja na albamu ya bendi mama, na siku moja studio ilipokwama, mpiga kinanda akaanza kugusa taratibu mojawapo ya zile demo. Mpiga dramu akaingia, polepole kuliko ilivyorekodiwa. Mwimbaji akauliza hii ni ya nani. Mpiga besi alinitazama kupitia kioo cha chumba cha kurekodia, akainua mabega, akaendelea kupiga.